Kula ya Chekechea

Baba yangu aliuza sukari na mafuta ya taa Biharamulo mjini. Kutoka kwa babu yake, aliyepanda bara na biashara akitokea pwani, alirithi vitu viwili: mizani na Kiswahili. Mizani ilikuwa inadanganya kidogo. Kiswahili, thubutu! Ukisema "habali za asubuhi" mbele ya baba, hupati sukari mpaka uiseme upya. Wateja walikuwa wanafanyia mazoezi barazani kabla ya kuingia dukani. Mimi nikalelewa hivyo, R yangu na L yangu kila moja kwenye kiti chake, na nilipopata kazi ya kufundisha chekechea Ngara, kijiji kimoja njia ya kwenda Bugarama, nikaenda na kiburi changu chote ndani ya begi.

Loh! Siku ya kwanza tu watoto walisimama, wakapiga salamu kwa nguvu zao zote: "Shikamoo mwarimu!" Nikasema, siyo mwarimu, mwalimu. Wakasema, "Ndiyo mwarimu." Nikachora lori ubaoni. Nikauliza, hiki ni nini? Nusu ya darasa ikasema rori, nusu ikasema loli, na mmoja nyuma, Mungu amweke, akasema roli. Herufi zote mbili walikuwa nazo, wallahi, ila hawakuona sababu ya kuzigombanisha. Kwao Kihangaza ndicho cha nyumbani, Kiswahili ni cha shuleni na sokoni, na sokoni watu wanaelewana. Pombe yao ya ndizi nimeishi nao miaka na mpaka leo sijui kama ni rubisi au lubisi. Na sikuwahi kuionja, kabla hamjaanza.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya kilima palikuwa na kambi iliyoota kama mji, moshi wake tunauona kila asubuhi, na barabarani malori ya chakula yalipita mchana kutwa, yamejaa, yanakimbia. Magunia mengine yalikuwa yametoboka. Mahindi yanadondoka, punje punje, na watoto wa kijiji, ambao wazazi wao wako shambani wanapalilia maharage, wanakimbilia barabarani kuokota. Lori moja linapita, wanaingia kuokota, lingine hilo hapo linakuja. Ndiyo maana chekechea ikaanzishwa, siyo kwa sababu ya herufi wala nini: kuwatoa wale watoto barabarani. Shirika moja likaleta unga wa lishe, vikombe vya plastiki na posho yangu. Wakatoliki wakatupa kanisa lao dogo la kigango, linalokaa bure siku za juma. Basi nikawa mimi, binti wa Kiislamu na mtandio wangu, nafundisha "a, e, i, o, u" chini ya msalaba, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilipanga kwa bibi mmoja, mjane, mcheshi, mwenye migomba mizuri kuliko ya kule Kirushya, kwa kauli yake mwenyewe. Alikuwa na mjukuu wa kike, wa miaka minne hivi, mwenye sauti ya mnadani. Huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa kuokota mahindi barabarani. Siku moja kabla sijafika, dereva alifunga breki mpaka lori likalala upande, na mtoto akatoka chini ya vumbi na punje zake mkononi, analalamika kwamba zimemwagika. Bibi alinisimulia huku anacheka, kisha akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipata. Chekechea ilipoanza, mtoto yule ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni kila siku. Nikamfanya kiongozi wa mstari wa kunawa mikono. Cheo kikamkaa! Alikuwa anawapanga wenzake kama polisi wa mpakani, na neno lake lilikuwa moja tu: "Mstari!"

Basi tukiwa tumenoga hivyo, akaja mratibu elimu wa kata na pikipiki yake. Mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Akaniita pembeni. Shirika linahamishia nguvu zake kambini, akasema. Unga uliopo ndiyo huo, hautaletwa mwingine, na posho inaisha pamoja na unga.

"Na serikali?" nikauliza.

"Serikali ina mpango mzuri sana. Kila mtoto wa Tanzania, kabla ya darasa la kwanza, apate chekechea."

"Alhamdulillahi."

"Mpango upo. Fungu hakuna. Fungu linaanzia darasa la kwanza kwenda juu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata kubisha hodi hazijui. Nikamuuliza kama watoto wasubiri barabarani mpaka fungu likue. Hakukasirika, maskini. Akasema njia iko moja: kijiji chenyewe kikubali kuibeba chekechea. Kaya zipokezane unga na kuni, mwalimu apewe pa kulala na cha kula, na yeye ataipeleka wilayani kama shule ya kijiji ili siku fungu likipatikana tuwe kwenye foleni. Lakini kijiji kipige kura, watu wazima, nusu ya kaya au zaidi. Wasipofika, au wakikataa, chekechea inafungwa mwisho wa mwezi.

Nusu ya kaya! Mikutano ya kijiji pale walikuwa wanakuja wazee watano na mbuzi. Nikaona kabisa narudi Biharamulo kupima sukari, na yule kiongozi wangu wa mstari anarudi kupanga mstari barabarani na malori.

Nikamwendea mgambo, maana ndiye aliyekuwa anapiga mbiu. Kijana mrefu, filimbi shingoni, sauti inavuka mabonde mawili. Nikamwambia atangaze kwamba Jumamosi saa nne, pale kigangoni, kuna kura ya chekechea, kila mtu mzima afike.

"Kula ya chekechea," akasema.

"Kura. Na R."

"Ndiyo, mwarimu. Kula, na R."

Nikamwangalia. Nikaona nisijichoshe, wao kwa wao wanaelewana. Jioni nikamsikia huko juu kilimani, filimbi kwanza, halafu sauti: "Jumamosi kigangoni kuna kulaaa! Kula ya chekechea! Kila mtu mzima afike! Asiyefika asilalamike!" Nikatabasamu. Nikalala vizuri.

Sasa nyinyi mnaosoma mmeshaona kinachokuja. Mimi sikuona. Na siyo kwamba watu wale hawakujua kura ni nini, walipiga kura kama Watanzania wengine wote. Lakini jaribuni kukaa mahali ambapo mchana kutwa malori ya unga na mafuta yanawapita mlangoni, yanakwenda kwa wageni, na kila mkutano wa rubisi unaishia kwenye neno lile lile: sisi wenyeji je? Wageni walikuja mikono mitupu, na wanakijiji wale waliwapokea, waliwapa miti yao wakate kuni, hawakuwa na choyo. Ila sikio la kila mmoja lilikuwa limekaa tayari kusikia kitu fulani. Mgambo akakisema, kutoka kilimani, kwa filimbi.

Jumamosi asubuhi nikamkuta bibi uani anasugua sahani kwa majivu. Siyo sahani, sinia! La maua, la harusi yake, halijawahi kutoka kabatini tangu nihamie. Nikadhani ana wageni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaimba, nami nikaenda zangu kigangoni na moyo juu. Nikapanga mabenchi. Nikatoka mlangoni, nikatazama njia, hakuna mtu. Nikaingia, nikatoka, bado. Nikajisemea, basi, nimekwisha.

Halafu migomba ikatikisika. Akatoka baba mmoja na mke wake. Nyuma yao wengine. Nikatazama upande wa pili, wanashuka. Upande wa kisimani, wanapanda. Jamani, kijiji kizima! Watu sijawahi kuwaona maishani mwangu. Wazee wa kushikwa mkono. Walikuwa wamevaa nguo za Krismasi! Nikaanza kuruka. Sitanii, niliruka pale mlangoni na mtandio ukanidondoka, nikawa napiga makofi peke yangu. Mratibu akafika, akazima pikipiki mbali kwa sababu pa kupita hapakuwepo. Akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "umewapa dawa gani?"

"Elimu, mzee wangu! Watu wameamka!"

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Na papo hapo ndipo nilipoanza kuona. Huyu mama ana sufuria kichwani. Yule baba ana gunia tupu kwapani, amelikunja vizuri. Mume na mke wamebeba dumu la mafuta, tupu, kila mmoja kashika upande. Sahani, bakuli, karai, kibuyu. Na bibi yangu huyo, anakuja na sinia lake la harusi kifuani, linang'aa mpaka linaumiza macho. Dada mmoja akanisogelea kwa heshima zote.

"Mwarimu, samahani. Foleni inaanzia wapi?"

Nikamtafuta mgambo, nikamvuta nyuma ya ukuta.

"Wewe! Umewaita kwenye kura ya kunyoosha mkono, au kula ya kutia mdomoni?"

Akafikiri. "Mwarimu, wewe si ulisema na R?"

"Nilisema na R!"

"Basi na mimi nikasema na R. Kula."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza kunipanda, na kicheko changu hakina breki, kinakuja wakati mbaya, misibani, mahali popote. Nikajifunga mdomo na mtandio. Huku nacheka, huku naogopa, kwa sababu nilikuwa najua: hawa watu nikiwaambia hakuna kitu, wataondoka na hasira, na kura imekufa, na chekechea imekufa, na hapa hapa nitafukuzwa kwa masufuria.

Nikapanda juu ya benchi. Nikawaambia yote, sikupamba. Nikasema, "Jamani, mmeitwa kwenye kura, siyo kula. Hakuna lori linalokuja. Hakuna mafuta. Kulikuwa na jambo la watoto wenu tulitaka kuwauliza. Kilichopo ni uji wa chekechea tu, unga wa mwisho, na mkikubali tutaupika wote tunywe pamoja."

Nikasikia mtoto anapiga chafya. Halafu mwanamume mmoja nyuma akasema kwa sauti nzito, "Yaani tumeacha mashamba?" Na manung'uniko yakaanza kuzunguka, mgambo akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye migomba.

Bibi akakaa chini. Pale pale kwenye nyasi, na sinia lake mapajani. Nikadhani amezidiwa. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Na mimi," akasema, pumzi hazimtoshi, "na mimi nimesugua sinia la harusi! Nimelala nalo kitandani lisiibiwe!"

Akacheka mpaka kilemba kikafunguka. Aliyekuwa na gunia akalitazama gunia lake, akacheka. Wale wenye dumu wakaangaliana, mke akamwambia mume, "Si nilikwambia tuchukue dogo!" Basi tena. Watu walishikana, walipigana migongo, wazee walikohoa machozi, mratibu wa watu aliushika msalaba wa mlangoni asianguke. Mbavu sikuwa nazo. Kila tukitulia, mtu mmoja anasema "na R!" kwa sauti ya mgambo, tunaanza upya. Hata yule wa sauti nzito nilimwona ameuma kofia yake.

Tukapika. Unga wote, sikubakiza hata wa kuokota na kidole. Kina mama wakakoroga, vijana wakaleta kuni. Na uji ulipoiva watu wakasogea na vyombo vyao, ndipo ikasikika sauti ya mnadani.

"Mstari!"

Yule mjukuu. Amesimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni. Wenzake wamejipanga nyuma yake na dumu la maji ya kunawa. Uji wa chekechea haunyweki bila kunawa, na hakuna kunawa bila wimbo, hiyo ilikuwa sheria, na yeye sheria alikuwa anaijua. Mratibu, mtu mkubwa, alikuwa amekaribishwa mbele kwa heshima. Akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe babu! Nyuma! Mstari!"

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mratibu alikuwa anakwenda nyuma, taratibu, kofia mkononi, na watu wanampisha kwa nderemo. Kijiji chote kikapanga mstari. Watoto wakaimba kile kiwimbo chetu cha mikono juu, mikono chini, mikono majini, na watu wazima wakafuata, wakikosea, wakirekebishwa. "Siyo hivyo, baba, kucha pia!" Nikaona akina baba wanakaguliwa kucha na watoto wao wenyewe. Wazazi hawa walikuwa hawajawahi kukanyaga pale siku za juma. Hawakujua watoto wao wanajua kusubiri zamu, kuhesabu vikombe, kumwambia mwenzao asante. Mama mmoja alipokea uji kutoka kwa mwanawe, mtoto akasubiri, mama naye akasubiri, mwisho mtoto akamwambia, "Unasema asante." Yule mama akasema asante, kisha akageuka pembeni.

Wakiwa wanakunywa, mratibu akasimama akaeleza. Mpango, fungu, shirika, zamu za unga na kuni. Yule wa sauti nzito akauliza kwa nini wa kambini wapewe bure na sisi tujilipie. Swali la haki kabisa, na mratibu akabaki anazungusha kikombe. Bibi ndiye aliyejibu, bila kusimama.

"Mimi sijui ya kambini. Mimi najua huyu wangu alitoka chini ya rori."

Watu wakatazama kule barabarani, maana lori lilikuwa linapita, tunalisikia.

"Basi tupige kura," akasema mratibu. "Wanaokubali wanyooshe mkono."

Mikono ikanyooka! Mingi, mingi mno, na kila mkono una kikombe au bakuli. Mratibu akafurahi, akaanza kuhesabu, kisha akasimama. Akanyooshea kidole mzee mmoja wa mbele.

"Mzee wangu, wewe unakubali chekechea?"

"Naomba uji kidogo," akasema mzee.

Kicheko kingine. Hakuna aliyejua tena nani anapiga kura na nani anaomba nyongeza, na ukiuliza wanacheka, na mikono haishuki. Mratibu akanitazama, nami nikamtazama. Mtu mkweli yule, nampenda mpaka leo. Akaniambia pembeni kwamba hawezi kupeleka wilayani kura ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. "Nitapita Jumatatu asubuhi. Nikikuta sufuria motoni, chekechea ipo. Nikikuta mafiga yamepoa, mwanangu, nitakubeba mwenyewe kwenye pikipiki mpaka Biharamulo."

Watu wakaenda zao wakiimba. Mimi nikaosha sufuria, kavu, tupu. Jumapili wakati wao wako misani nilikaa uani kwa bibi nikijilaani. Unga wa watoto nimewanywesha wazazi wao! Kicheko tumekipata, sawa, kicheko hakikorogwi uji. Bibi aliporudi nilimuuliza kama watu wamesema lolote. Akasema wamesema mahubiri yalikuwa marefu.

Jumatatu nilifika kigangoni ukungu haujaondoka. Nikawasha moto kwa kuni zilizobaki. Nikateka maji, nikayabandika, nikakaa. Maji yakaanza kuimba. Hakuna mtu. Nikawaza baba atafurahi kuniona, na hilo nalo likaniuma zaidi. Nikaanza kulia, kulia kwa hasira, na kuni zenyewe zina moshi, basi shida juu ya shida.

Nikasikia hatua ndogo. Yule mjukuu. Alikuwa anatembea polepole kuliko nilivyowahi kumwona anatembea, ulimi nje, macho hayabanduki mikononi. Amebeba lile sinia la harusi, kubwa kuliko yeye, limefunikwa na jani la mgomba. Akaliweka chini mbele yangu, akashusha pumzi, akafunua. Unga wa mtama.

"Mwarimu, bibi amesema hii ndiyo kula yake."

Mdomo wangu ukajifungua wenyewe, malezi ya baba. Siyo kula, mwanangu, ni... Nikautazama ule unga. Nikamtazama mtoto. Mdomo ukajifunga. Alikuwa amelisema sawasawa.

"Mwambie nimeipokea," nikasema, na hapo nikalia vizuri sasa, na kucheka, vyote kwa pamoja, mpaka mtoto akaniuliza kama nina homa.

Nilipoinua macho, migomba ilikuwa inatikisika kila upande. Watoto. Huyu na bakuli, yule na kibuyu, wengine wameshika kitu kwenye jani limefungwa na kamba ya mgomba, mmoja na mama yake anambebea kuni. Wale wa dumu walikuja wameshika dumu, mtoto wao katikati, na ndani kuna mtindi. Na yule wa sauti nzito alipita mbali kabisa kwa njia ya shambani, hakusalimia, ila mwanawe alikuja na gunia, lile lile, na chini kabisa kwenye kona kuna unga umefungwa fundo. Kila mmoja akaja mbele yangu na sentensi ile ile aliyofundishwa nyumbani, kula ya baba, kula ya mama, na mimi napokea, namimina, nakoroga, machozi na moshi na mtama.

Pikipiki ikasikika. Mratibu akazima, akaja taratibu, akasimama mbele ya sufuria. Akatazama foleni ya watoto mpaka mwisho wake, ambao ulikuwa nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, kura zimefika?"

"Zinachemka," nikamwambia. "Kapange mstari."